Norwe Niliyoihubiri Mchinga

Mwaka 2014 nilisimama mbele ya watu wa kwetu Mchinga nikawashauri waache jambo jema walilokuwa wamelianza, wangojee gesi. Waliniamini kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma Norwe, na kwa sababu mimi ni mtoto wao. Kiwanda cha gesi nilichowaahidi hakijajengwa. Jambo lao jema lilikufa. Kwa muda mrefu kosa hili nimekuwa nikilipa majina ya watu wengine: bei za dunia, mikataba inayochelewa, siasa. Leo naliandika kwa jina langu mwenyewe, kwa sababu nawaona vijana wanaorudi kutoka nchi za mbali na hotuba ileile niliyoitoa mimi. Wamebadilisha jina la nchi tu.

Kwa asiyepajua: ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya kusini, ukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, ukapita Somanga na Nangurukuru, ukavuka mto Mbwemkuru, utaikuta Mchinga kabla hujafika Lindi mjini. Ni ghuba, minazi, mikorosho, mashamba ya ufuta kwa ndani, na bahari. Watu wake wanalima na wanavua, wengi wanafanya yote mawili. Vijana wengi wameondoka kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, na wanaobaki wanaulizwa kila siku kwa nini wamebaki.

Bamvua likifika na maji yakapwa mpaka mwamba ukatokeza, wanawake hutoka na vijiti na vikapu kwenda kutafuta pweza. Wanaume huzamia mbele zaidi. Kazi ile inataka ujuzi: kulijua tundu lenye mwenyewe kwa magamba ya kaa na chaza yaliyotupwa mlangoni, kumchokoa bila kulivunja jabali, kurudi kabla maji hayajajaa nyuma yako. Nimewaona mama zangu wakiifanya na watoto mgongoni. Wakirudi ufukweni, mnunuzi yuko pale na mizani yake. Mizani ni yake, barafu ni yake, gari ni lake, na mara nyingi hata pesa iliyonunua unga wa nyumbani wakati wa kusi kali, bahari ilipokuwa haiendeki, ilikuwa yake. Basi bei anaitaja yeye. Mwenye deni habishani na mizani.

Shangazi yangu na wenzake walikuwa wameliona hilo vizuri kabla mimi sijajua hata neno “maendeleo” linaandikwaje. Waliunda kikundi, wanawake wengi na wazamiaji wachache. Walikuwa wakiweka akiba kidogokidogo, na mpango wao ulikuwa wazi kabisa. Kwanza, wanunue mizani yao wenyewe. Pili, wapate masanduku ya barafu na wakodi gari la kupeleka pweza Lindi kwa mnunuzi mkubwa, wasimpitie wa ufukweni. Tatu, wafunge sehemu ya mwamba kwa miezi miwili au mitatu ili pweza wakue, maana pweza haishi sana, lakini anakua kwa kasi ya ajabu; ukimwacha kwa muda huo unamkuta ameongezeka uzito mara mbili na zaidi. Kuhusu mizani Shangazi alikuwa na maneno yake ambayo sijayasahau: “Korosho inapimwa ghalani, bei inasomwa kila mtu akisikia. Pweza ana kosa gani?”

Alikuwa anazungumzia stakabadhi ghalani, utaratibu ulioingia kwenye korosho mwaka 2007. Una dosari zake, wakulima wa Lindi na Mtwara wanazijua: makato, malipo yanayochelewa. Lakini ulikuwa umewaonyesha watu kitu kimoja, kwamba bei inaweza kutajwa hadharani na si kunong’onwa na mtu anayekudai. Mama asiyekuwa na cheti cha darasa la saba alikuwa amechukua somo la korosho akalipeleka baharini. Mimi niliyekuwa na shahada mbili sikuliona.

Nilichokuwa nakiona ni gesi. Ikumbukwe miaka ile ilivyokuwa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004, lakini kuanzia mwaka 2010 habari zilikuwa nyingine: visima vya bahari ya kina kirefu, kampuni kubwa za Uingereza na Norwe, mwaka 2012 kisima cha Zafarani cha kampuni ya Statoil mbele ya pwani yetu hii. Hesabu ya nchi ikafika futi za ujazo trilioni 57. Mwaka 2013 Mtwara kukawaka moto kwa ajili ya bomba la kwenda Dar es Salaam, watu wakafa. Kisha ikasemwa kwamba kiwanda cha kusindika gesi iwe kimiminika kitajengwa Likong’o, kati ya Mchinga na Lindi mjini, kwenye eneo la zaidi ya hekta 2,000. Watu walianza kununua viwanja usiku na mchana. Ekari ya kichaka iliyokuwa haina mwenyewe ikapata wenyewe watatu.

Mimi nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma mambo ya petroli Trondheim, Norwe. Nikarudi katikati ya joto hilo, na mwenyekiti wa kijiji akaniomba nizungumze na watu. Nilikuwa na picha kwenye kompyuta: majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, barabara zinazopita chini ya bahari, hospitali, kijiji cha wavuvi chenye nyumba nyekundu na taa kila dirisha. Niliwaambia hivi, na nakumbuka kila neno: “Wale walikuwa wavuvi kama sisi. Mwaka 1969 wakapata mafuta. Tazameni walivyo leo. Mungu ametupa sisi gesi. Tukijiandaa, watoto wenu wataishi hivi.”

Watu walipiga makofi. Shangazi akanyoosha mkono akauliza, “Na pweza?”

Nikamjibu, “Shangazi, pweza ni wa kitoweo. Maisha yako kwenye gesi.” Watu wakacheka. Nilicheka nao.

Baada ya mkutano wanakikundi walinifuata nyumbani, wakaniuliza kwa utulivu wafanye nini na akiba yao. Niliwaambia wasiitupe kwenye mizani na masanduku. Niliwaambia wanunue kiwanja upande wa barabara, wajenge mgahawa na vyumba vya wageni, kwa kuwa wafanyakazi wa mradi watakuja kwa maelfu na watakula na kulala. Niliwaambia na mzee mmoja, baba mdogo wangu, asihangaike kupanda mikorosho mipya, kwa sababu fidia ya ardhi inakuja. Kijana wa nyumbani kwetu nilimshauri aende kusomea uchomeleaji wa mabomba, na mama yake akauza mbuzi kumlipia ada. Yote hayo nilifanya kwa moyo mweupe. Kuwa na moyo mweupe hakukumrudishia yeyote hata senti.

Naomba nirudi kwenye hotuba ile, kwa sababu kila sentensi yake ilikuwa na chembe ya kweli, na ndiyo maana ilidhuru.

Nilisema walikuwa wavuvi kama sisi. Ni kweli kwamba Norwe ilikuwa na umaskini mkubwa. Katika miaka mia hivi kuanzia 1825, watu wake wapatao 800,000 walihamia Marekani kwa sababu nyumbani hapakutosha. Lakini hawakuwa “kama sisi” siku mafuta yalipopatikana. Mafuta ya Ekofisk yaligunduliwa mwishoni mwa 1969. Wakati huo nchi ile ilikuwa na halmashauri za kuchaguliwa tangu sheria ya 1837. Ilikuwa na sheria ya mwaka 1889 inayompa kila mtoto miaka saba ya shule. Ilikuwa na meli za mizigo nyingi kuliko nchi nyingi kubwa za Ulaya, na umeme wa maporomoko ya maji karibu kila nyumba. Na kuanzia 1906, miaka zaidi ya sitini kabla ya mafuta, Bunge lao lilikuwa likitunga sheria za kuzuia maporomoko hayo yasimezwe na matajiri wa nje: kampuni binafsi ikipewa kibali, muda wake ukiisha inarudisha maji na mitambo kwa dola bila kulipwa. Kwa hiyo kampuni za mafuta zilipofika zilikuta watu waliokwisha kubishana na mitaji ya kigeni kwa vizazi viwili. Na bado walitafuta msaada. Mmoja wa waliosaidia kuandika utaratibu wao wa mafuta alikuwa mtaalamu wa miamba kutoka Iraki, Farouk al-Kasim, aliyefika kule mwaka 1968.

Haya yote niliyasoma darasani. Niliyafanyia mtihani na nikafaulu. Kisha nikapanda jukwaani Mchinga nikayaacha, kwa sababu hotuba fupi inapigiwa makofi zaidi.

Kuna mwaka mmoja ambao siku hizi siachi kuufikiria, 1905. Juni mwaka huo Bunge la Norwe lilitangaza kuvunja muungano na Sweden, na nchi ikapata uhuru wake bila vita. Julai ya mwaka uleule, kwenye vilima vya Matumbi nyuma ya Kilwa, watu waling’oa pamba ya kulazimishwa pale Nandete, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro. Kilichofuata kusini kote ni vijiji kuchomwa na njaa iliyopangwa. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Wanorwe walianza karne ya ishirini wakitunga sheria za maji yao. Babu zetu waliianza wakila mizizi. Mtu akiweka picha ya leo ya Stavanger, mji wao wa mafuta, kando ya picha ya leo ya Mchinga halafu akasema tofauti yake ni mafuta, anawafuta watu hao wote. Mimi niliwafuta, na bibi yangu mzaa baba alikuwa amenisimulia njaa ile kama alivyosimuliwa na mama yake.

Na ukirudi nyuma zaidi, ulinganifu unageuka kabisa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote aliyoiona. Ulikuwa ukifua sarafu zake. Chini ya miaka ishirini baadaye tauni iliingia Norwe ikaua pengine nusu ya watu, na nchi ile ikaishia chini ya wafalme wa Denmark kwa karne nyingi. Sisemi hili kwa kujitapa na magofu. Nasema kwamba nilichukua dakika moja ya historia ya nchi mbili nikaifanya kuwa sheria ya maumbile.

Sentensi nyingine ya hotuba ile: “Mungu ametupa sisi gesi.” Nilikuwa mwanafunzi wa petroli, hesabu hii ilikuwa kazi yangu. Futi za ujazo trilioni 57 ni gesi inayokadiriwa kuwapo ardhini, si yote itakayotoka. Hata tukiihesabu yote, Norwe kwa kasi yake ya sasa huchimba gesi ya kiasi hicho kwa muda usiofika miaka kumi na mitano. Wao ni watu milioni 5.6 hivi. Sisi, kwa sensa ya 2022, ni zaidi ya milioni 61. Kampuni za mafuta kule hutozwa kodi ya asilimia 78 ya faida, na fedha inayowekwa kwenye mfuko wao maarufu wa mafuta ilianza kuingia mwaka 1996, miaka 25 baada ya mafuta kuanza kutoka. Gesi yetu ni neema, na ikitumika vizuri itawasha viwanda na majiko. Lakini haikuwa na uwezo wa kuifanya Lindi kuwa Stavanger ndani ya umri wa Shangazi yangu, na mimi nilikuwa na kalamu na karatasi za kulijua hilo.

Ila kinachoniuma kuliko hesabu ni kitu nilichokiona kwa macho yangu kule.

Mwanafunzi mwenzangu alitoka visiwa vya Lofoten, kaskazini kabisa. Likizo moja ya baridi alinichukua kwao. Ulikuwa msimu wa samaki waitwao skrei, chewa wanaoshuka kutoka Bahari ya Barents kuja kuzaa, kuanzia Januari hadi Aprili. Samaki hutundikwa wawiliwawili kwenye vichanja vya miti mpaka wakauke kwa upepo. Vichwa vyao husafirishwa hadi Nigeria, ambako ni kitoweo kinachopendwa. Bibi wa rafiki yangu, mama wa miaka karibu tisini, alinipa kahawa na akataka kujua kwetu tunavua nini. Nilipomweleza juu ya pweza na mnunuzi wa ufukweni, alitikisa kichwa akaanza kuzungumza, mjukuu wake akitafsiri.

Alisema baba yake alikuwa hivyo. Zamani kila kijiji cha wavuvi kule kilikuwa na mwenyewe, tajiri mmoja aliyemiliki gati, vibanda vya kulala wavuvi, duka, hata kiwanja ilipojengwa nyumba. Mvuvi alichukua unga na kamba kwa deni kabla ya msimu, na samaki akamletea yeye kwa bei atakayoitaja. Na kabla ya matajiri hao, mimi nilikuja kusoma baadaye, kulikuwa na wafanyabiashara Wajerumani wa Hansa waliokaa Bergen tangu karne ya kumi na nne na kuwashika wavuvi wa kaskazini kwa mikopo ya nafaka. Deni lilikuwa la karne nyingi. Mama yule alisema lililowafungua ni sheria iliyokuja alipokuwa msichana. Alikuwa na maana ya sheria ya mwaka 1938, iliyowapa wavuvi chama chao wenyewe cha mauzo, makao yake Tromsø, na kuamua kwamba mauzo ya kwanza ya samaki yapitie chama hicho na kwamba chama ndicho kinachopanga bei ya chini kabisa. Mnunuzi akitaka samaki analipa si chini ya hapo, awe tajiri wa kijiji au mtu wa mbali. “Baba alinunua boti,” alisema. “Kisha akanunua kiwanja tulichokuwa tunakaa.”

Kesho yake tulishuka gatini. Boti ndogo ilikuwa inashusha samaki. Wakapimwa, karatasi ikajazwa: aina ya samaki, uzito, bei, jina la boti, jina la mnunuzi. Mvuvi akasaini, mnunuzi akasaini. Ilichukua muda mfupi mno. Nilisimama pale na simu mkononi, nikapiga picha milima.

Miaka thelathini na moja kabla ya Ekofisk wavuvi wale walikuwa wamepata walichokuwa wakikitaka Shangazi na wenzake: mizani isiyo ya mwenye deni, na bei inayojulikana kabla samaki hajatua. Norwe ile ilikuwa inawezekana Mchinga. Haikuhitaji jukwaa la bahari kuu wala dola bilioni 42, ambayo ndiyo thamani ya mradi wa gesi inayotajwa siku hizi. Ilihitaji mizani, masanduku, na watu wa kusimama nyuma ya kina mama wale ili serikali ya kijiji na idara ya uvuvi ziwape nguvu. Tanzania tayari ilikuwa na sheria ya uvuvi ya 2003 na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari kwenye madiko. Mlango ulikuwapo. Nilikuwa mtu wa pekee kijijini aliyeona kwa macho yake kwamba jambo lile lilifanyika mahali fulani duniani likafaulu, na ndiye niliyewaambia waliache.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2015 bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa. Mazungumzo ya kiwanda cha Likong’o yakaendelea, yakasimama, yakaanza tena. Januari 2021 Equinor, jina jipya la Statoil, ilifuta vitabuni dola milioni 982 za mradi wake wa Tanzania. Juni 2022 mkataba wa awali ukasainiwa Dodoma, matumaini yakarudi. Mpaka naandika haya, hakuna kiwanda.

Kiwanja cha kikundi kiko palepale, msingi wa vyumba viwili na magugu. Baba mdogo hakupanda mikorosho. Shamba lake halikuingia kwenye eneo la fidia, na mikorosho ambayo angeipanda mwaka ule leo ingekuwa inazaa. Kijana aliyesomea uchomeleaji anachomelea mageti na madirisha mbali na nyumbani, na nashukuru kwamba angalau yeye ana kazi mkononi, ingawa mama yake huniambia, kila tunapoonana, kwamba aliambiwa atamwona kila siku. Mwamba haukufungwa. Pweza wanaotoka siku hizi wengine hawajafika hata uzito wa kuuzika vizuri. Mnunuzi amebadilika, mizani ni ileile ya mnunuzi.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya vile. Sehemu yake ni majivuno. Mtu akitumwa mbali na kijiji, akirudi anaona aibu kuja na kitu kidogo. Kusema “nimeona mizani na karatasi ya kusaini” kulionekana si habari ya kuvuka bahari. Nilitaka kuleta jambo la ukubwa wa safari yangu. Sehemu nyingine ni mbaya zaidi, na nimechelewa kuikubali. Nilipokuwa nikizitazama picha zile mbili, ya kwao na ya kwetu, niliona kwetu kuna upungufu tu. Sikuona watu wanaofanya jambo. Nilimwona Shangazi kama mtu anayesubiri kuokolewa, na yeye alikuwa kazini tangu alfajiri. Takwimu za umri wa kuishi na pato la mtu zinasema kweli, na tofauti yake inatisha. Mnorwe anatarajia kuishi zaidi ya miaka themanini, na kwetu bado tunazika mapema mno. Siombi takwimu hizo zifichwe. Lakini zinaonyesha umbali uliopo, hazionyeshi mtu alipitia njia gani. Mimi nilijifanya nimeona njia.

Mwaka jana nilikwenda kwa Shangazi nikamwambia haya yote, kuanzia bibi wa Lofoten hadi karatasi ya gatini. Hakunipa maneno ya kunifariji. Alinyamaza, kisha akasema: “Uliyaona haya kabla hujaja kutuhutubia?”

Nikasema, “Ndiyo, Shangazi.”

“Na ukacheka nilipouliza.”

“Ndiyo.”

“Basi njoo uyaseme mbele ya walewale.”

Nilikwenda. Kikundi kimepungua, wengine wamefariki, wengine wamehama, wapo mabinti ambao wakati ule walikuwa watoto. Nilisema kosa langu nikiwa nimekaa mkekani kama wao. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba hanisamehe bado, kwa sababu fungu lake kwenye kiwanja kile lilikuwa ada ya mwanawe. Nilimwambia ana haki. Nimeanza kulirudisha fungu la kila mmoja, kwa awamu, na mweka hazina ananiandikia kwenye daftari lao. Najua fedha haiwezi kurudisha miaka.

Nilipomaliza kueleza juu ya chama cha mauzo na bei ya chini, nilidhani wataniuliza kuhusu utajiri wa kule, kama zamani. Hawakuuliza. Binti mmoja mzamiaji, sauti yake kavu kidogo, aliuliza: “Hiyo mizani ya chama, nani anaikagua? Maana na yetu inaweza kuharibiwa na mtu wetu.” Mwingine akauliza mvuvi mwenye deni na tajiri alitokaje mwaka wa kwanza, kabla bei mpya haijamfikia. Mwingine akataka kujua kama mnunuzi mkubwa akigoma kununua, samaki waliwekwa wapi, kwa kuwa pweza hakauki kwa upepo wa Mchinga wa masika. Ni maswali ambayo maprofesa wangu hawakuwahi kuniuliza.

La mizani nililijua: kule zinakaguliwa na taasisi ya serikali, na kwetu kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo. La tajiri na deni, na la mnunuzi akigoma, sikuwa na majibu ya uhakika, nikasema sina. Nilimwandikia rafiki yangu wa Lofoten usiku uleule. Bibi yake alishafariki, lakini mama yake anakumbuka mengi, na ameahidi kuwauliza wazee wa chama. Kikundi kimeniagiza nisiongeze neno langu kwenye majibu yatakayokuja. Niyasome kama yalivyo, na wao ndio watakaoamua lipi linafaa mwambani kwao. Barua ya kuomba mizani mpya ya kikundi ikaguliwe kabla haijaanza kutumika tumeipeleka Lindi, na imesainiwa na mwenyekiti wa kikundi, ambaye ni Shangazi. Jina langu halimo.